Mshipi Ukigoma: Kutafuta Kasoro Kuanzia Kwenye Ndoana

Malalamiko ya wavuvi wa mshipi, kuanzia Nungwi, Unguja, mpaka Mkoani, Pemba, yanafanana. "Leo bahari imelala." "Chambo kinaisha, samaki simwoni." "Kanikata tena." Wa kwanza kulaumiwa huwa mwezi, wa pili ni yule jirani aliyeuliza "unakwenda kuvua?" wakati chombo kinasukumwa majini, na ndoana hukumbukwa mwisho kabisa. Fuata njia ya kinyume. Kasoro nyingi zimo ndani ya pima mbili za mwisho za mshipi (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), pale palipo na ndoana, fundo, chambo na chubwi, yaani uzito wa kuuzamisha mshipi. Kuzikagua hizo hakuhitaji petroli wala kung'oa nanga.

Maelezo haya ni ya mshipi wa mkono juu ya miamba na pembezoni mwake, kwa mtumbwi, ngalawa au dau. Kuburuza nguru kumegusiwa kidogo tu, kwa sababu kasoro zake ni chache.

Hawagusi kabisa

Kabla ya jambo lolote, tazama vyombo vingine. Kama wenzako wanapandisha na wewe umekaa tu, kasoro ni yako. Kama hakuna anayepandisha, kasoro ni ya saa au ya mahali, na kubadilisha ndoana hakutasaidia.

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni kwamba chambo hakiko chini. Mvuvi anadhani kipo, kumbe mkondo umekibeba kinaelea pima kadhaa juu ya mwamba. Shika mshipi kwa vidole viwili, unyanyue kidogo kisha uachie. Chubwi likigonga chini utalisikia kwa vidole. Usiposikia kitu, au ukiona mshipi umelala kwenda mbali na chombo badala ya kushuka karibu wima, ongeza uzito. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, mkondo wa pwani yetu unaokwenda kaskazini huongezeka nguvu, na chubwi lililokutosha Januari halitakutosha Julai. Kina nacho kinatofautiana sana. Maji kati ya Unguja na bara ni mafupi, hayafiki hata mita mia moja, lakini mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya Pemba na bara, unateremka mamia ya mita. Aliyezoea kuvua mbele ya Mji Mkongwe akienda Pemba na mshipi wake uleule anaweza kutoka ukingoni mwa mwamba na kuingia kilindini bila kujua, akamaliza mshipi wote bila kugusa chini.

Ya pili ni saa. Bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita nne, na maji hayo yote hupita kwenye milango ya miamba kwa kasi. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Katikati ya mwendo huo mshipi haukai. Vua pale maji yanapokaribia kusimama na pale yanapoanza kugeuka. Siku za maji mafu, siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama na tena ya ishirini na mbili hivi, una muda mrefu zaidi wa kuvua kwa utulivu, ingawa wapo wanaosema samaki nao hulegea. Maji huchelewa kwa takriban dakika hamsini kila siku, kwa hiyo saa iliyokupa changu Jumatatu si saa ya Ijumaa. Changu wengi hutoka mwambani na kula juu ya mchanga magharibi inapoingia na usiku. Ukimtafuta saa saba mchana kweupe, usishangae asipokuja.

Ya tatu ni chombo kuhama. Ulitia nanga juu ya mwamba, upepo ukageuka, na sasa dau limezunguka na mshipi wako uko kwenye mchanga mtupu. Chukua alama mbili za nchi kavu zinazopangana, mnazi na mnara kwa mfano, na alama nyingine mbili za upande mwingine. Alama zikiachana, umehama. Kamba ya nanga iliyo fupi ndiyo chanzo cha kawaida: mpe nanga kamba isiyopungua mara tatu ya kina, na uitupe kwenye mchanga wa pembeni. Ikitupwa juu ya matumbawe inayavunja, kisha inanasa.

Chambo nacho kina makosa yake. Ngisi aliyeoshwa maji ya bomba, vibua walioshinda juani, au mkono uliotoka kushika petroli ukashika chambo, vyote hivyo hufukuza samaki. Osha mikono kwa maji ya bahari na usugue kwa utumbo wa samaki. Halafu jiulize hapo ulipo kuna samaki gani. Tasi hula mwani, ndiyo maana wazee humtegea madema, ile mitego ya kusukwa. Ukimshushia kipande cha pweza utangoja mpaka magharibi.

Sababu ya nadra kuliko hizo ni mshipi mnene kwenye maji maangavu. Hilo lina uzito mchana, maji yakiwa safi kama yalivyo wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini. Usiku halina maana.

Jambo moja la kuangalia: ukiona mahali pamejaa samaki na hapana chombo hata kimoja, uliza kwanza kwa nini. Chumbe, kisiwa cha upande wa Unguja, ni hifadhi tangu 1994 na hakuvuliwi. Misali, kisiwa cha upande wa Pemba, nako kuna sehemu iliyofungwa kabisa. Hapo ukikamatwa, mweleze ofisa wa uvuvi, maana mimi sina dawa yake.

Chambo kinaliwa, samaki haonekani

Unasikia madonoo madogo ya haraka, unavuta, ndoana inapanda nyeupe. Mara nyingi aliye chini ni samaki mdogo na ndoana yako ni kubwa. Kikande ndiye mwizi mkuu: ana mdomo mdogo na meno makali, anachambua chambo kando ya ndoana bila kuigusa. Punguza ndoana, punguza na chambo. Kipande kikubwa kinachoning'inia ni zawadi kwake.

Kama ndoana ni ndogo tayari na bado mambo ni yaleyale, angalia chambo kinavyokaa. Vibua na dagaa ni laini na hung'oka hata kwa kugonga maji. Kizungushie uzi wa kushonea mara kadhaa. Ngisi na pweza ni wagumu, wanakaa, na ndiyo sababu wanatumika zaidi kwenye kina kirefu ambako kupandisha mshipi kila mara ni kazi. Ncha ya ndoana iache wazi. Wapo wanaoificha ndani ya chambo kwa kudhani samaki ataiona. Samaki haogopi ncha, na ncha iliyozikwa kwenye nyama ngumu ya pweza haichomi kitu.

Vikande wakishajaa mahali usishindane nao. Hama.

Ananasa, anavutwa kidogo, kisha anachomoka

Kagua ncha kwanza. Iburute polepole juu ya ukucha wa dole gumba: ikikwama ni kali, ikiteleza ni butu. Ndoana iliyogonga mwamba mara moja tu inaweza kuwa imeshapinda ncha kiasi ambacho jicho halioni, ila ukucha unajua. Inoe kwa tupa ndogo kuelekea kwenye ncha, au itupe kwenye kopo la taka. Usiitupe chini ya dau, utaikuta kwa nyayo zako.

Ncha ikiwa sawa, tazama ndoana ilivyo. Kuna ndoana za kawaida, na kuna zile za duara ambazo ncha imegeuka kuelekea kwenye kijiti chake. Hizi za duara hazitaki kuvutwa kwa ghafla. Ukisikia samaki, shikilia tu na uanze kupandisha taratibu. Itateleza mpaka pembeni mwa mdomo na kujinasa yenyewe. Anayevuta kwa nguvu huitoa mdomoni mwa samaki kila mara, kisha anailaumu ndoana. Ile ya kawaida ndiyo inayotaka mkono wa haraka.

Ikiwa samaki huchomoka karibu na chombo, tatizo ni mshipi kulegea. Dau likipanda wimbi na kushuka, mshipi hulegea kwa nukta moja, na hiyo inamtosha kolekole. Mkono ushuke na upande pamoja na chombo. Na usimnyanyue kwa mshipi mtupu akiwa mzito. Mwenzako awe tayari na kijiti chenye ndoano au wavu wa mkono.

Kakata

Hili ndilo lalamiko linaloletwa zaidi, na ndilo rahisi kulichunguza ikiwa hukuitupa ile ncha iliyobaki mkononi. Wengi huikata na kuitupa kwa hasira kabla ya kuitazama. Itazame.

*Ncha imejisokota au imejikunja.* Mshipi haukukatika, fundo limefunguka. Ni kosa la kawaida kuliko yote, na pia ndilo wavuvi wanalolikataa zaidi. Nailoni huteleza. Fundo lililokazwa likiwa kavu huungua kwa msuguano na kupoteza nguvu. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, likaze polepole, bakiza mkia mfupi, kisha livute kwa nguvu ukiwa bado kwenye chombo. Likifunguka mikononi mwako, hasara ni ndogo.

*Ncha imekwaruzwa, ina mikwaruzo na manyoya kwa urefu wa shubiri au zaidi.* Hapo ni mwamba. Chewa akishika hukimbilia pangoni, na mshipi unasuguliwa kwenye matumbawe. Dawa ni kumzuia katika pima za mwanzo kabla hajageuka. Akishaingia, usivute kwa nguvu zote. Legeza kabisa, ngoja dakika chache, na mara nyingine atatoka mwenyewe. Ukishampata au ukimkosa, pitisha vidole kwenye pima mbili za mwisho, na popote panapokwaruza pakate. Mvuvi anayeona uchungu kukata pima moja ya mshipi humpoteza samaki anayefuata.

*Ncha imekatwa safi, kama kwa wembe.* Meno. Nguru au mzia, pengine papa. Kwa hawa nailoni peke yake haitoshi. Weka kipande cha waya juu ya ndoana, urefu wa shubiri mbili unatosha kwa mshipi wa chini. Kuna ubaya wake: changu mwerevu huuona waya. Kwa hiyo usiuweke kila siku, weka unapokatwa safi mara ya pili mahali palepale.

*Umekatika katikati, mbali na ndoana, bila samaki mkubwa.* Mshipi umechoka. Jua huua nailoni. Ulioachwa juu ya dau msimu mzima huwa mkavu, umepauka, na ukiupinda haurudi sawa. Funga fundo la kawaida katikati na uvute kwa mikono: ukikatika kirahisi, wote ni wa kutupa, hata kama kwa macho bado unaonekana mzima. Vipande usivitupe baharini, vinawanasa kasa na ndege.

Sababu ya mwisho ni mkono wenyewe. Samaki mzito akitaka kwenda, mwache aende kwa kubanwa, mshipi upite vidoleni. Vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli vikivaliwa kwenye vidole vinafanya kazi vizuri kuliko glovu nyingi za dukani.

Onyo: usizungushe mshipi mkononi wala kwenye kifundo cha mguu, hata kwa dakika moja ukiwa unawasha sigara. Kwenye ukingo wa mkondo wa Pemba chambo hichohicho cha changu huweza kuchukuliwa na jodari au sulisuli, na mshipi uliojizungusha hukata nyama mpaka mfupani au humvuta mtu nje ya chombo. Kila chombo kiwe na kisu kikali mahali ambapo mkono wowote unafika.

Umenasa mwambani

Usivute juu kwa nguvu, unazidi kuizamisha ndoana. Legeza, tikisa, ngoja wimbi. Halafu sogeza chombo upande wa pili wa ulikokuwa na uvute kutoka huko. Nyingi hutoka hapo. Ikishindikana, zungusha mshipi kwenye kipande cha mti, si mkononi, na uvute mpaka ukatike.

Kama unanasa kila mara, kinachonasa mara nyingi ni chubwi. Lifunge kwa uzi mwembamba dhaifu chini kabisa, na ndoana ikae juu yake kwenye tawi fupi. Likinasa, uzi dhaifu unakatika, chubwi linapotea, ndoana na samaki wanarudi. Jiwe la pwani lenye tundu linatosha badala ya risasi.

Asizame mtu kufuata ndoana mahali penye mkondo. Na nanga ikinasa huku upepo unazidi, ikate kamba.

Mshipi unajisokota na kutatana

Chambo kinachozunguka majini ndicho chanzo. Kikate kiwe kirefu na chembamba, kichome sehemu moja juu, kinyooke. Weka kile kipingili kinachozunguka kati ya mshipi na waya; kikijaa chumvi hakizunguki tena, kioshe kwa maji yasiyo na chumvi. Ukishatatana, usivute ncha. Tanua matundu kuanzia katikati. Wavuvi wawili kwenye ngalawa moja wakae mmoja tezi (nyuma) na mmoja omo (mbele).

Unaburuza, hakuna anayeshika

Chambo bandia kinaruka juu ya maji? Punguza mwendo au ongeza uzito. Kinazunguka? Kimepinda au kimekusanya mwani. Kipo sawa? Basi huko hakuna samaki. Tafuta ndege wanaopiga mbizi, pita pembeni ya kundi, usilikate katikati.

Mashine ikianza kukohoa wakati wa kuburuza, kagua tundu la hewa la tangi, mpira wa mafuta uliokanyagwa, na maji ndani ya petroli. Ikitoa moshi mwingi huku maji ya kupooza hayatoki kwa nyuma, zima papo hapo. Tweka tanga au omba kuvutwa. Kuifungua mashine juu ya mawimbi ni kazi ya fundi aliyekaa nchi kavu.

Samaki analegea kabla ya kufika sokoni Darajani

Sababu ni jua, kisha maji ya chini ya dau yaliyochanganyika na petroli, kisha kuchelewa kumtoa damu na matumbo. Barafu iliyosagwa, kivuli na gunia lililoloweshwa vinasaidia kwa mpangilio huo.

Kwa jodari, vibua na nguru hili ni zaidi ya bei. Nyama yao ikikaa kwenye joto hutengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi. Dalili huja haraka baada ya kula: uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma, kuwashwa mwili, moyo kwenda mbio. Anayepumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja.

Na wapo wasioliwa hata wakiwa wabichi. Bunju ana sumu isiyoondoka kwa moto, mrudishe baharini. Kasa akinasa, kata mshipi karibu na ndoana uwezavyo na umwachie. Sheria inamlinda, na nyama yake huua: Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mwanamke mmoja walifariki baada ya kuila.

Kabla ya kusukuma chombo

Hili halina mjadala. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, funga chombo. Wakati wa kusi, mkondo wa Nungwi kwenda Pemba si mahali pa ngalawa ya mtu mmoja. Mwambie mtu wa nyumbani unavua wapi na unarudi saa ngapi, na simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Chombo kisiporudi, watu wa nyumbani wawaarifu KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) mapema, pamoja na polisi, wasingoje kuche.

Ndoana au mwiba umeingia mwilini

Ndoana iliyoingia juujuu bila meno yake kuzama inaweza kutolewa kwa njia iliyoingilia. Meno yakizama, usiing'oe. Kata mshipi, ifunge isicheze, nenda hospitali. Karibu na jicho, shingo au kiungo cha kidole usiiguse kabisa. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda, maana ndoana yenye kutu na utumbo wa samaki ni uchafu mtupu.

Kwa miiba ya tasi, chale, taa au samaki jiwe, maumivu hupunguzwa na maji ya moto. Tia mkono au mguu uliochomwa katika maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili, kama nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto lipimwe kwanza kwa mkono wa mtu mzima asiyeumia, kwa sababu aliyechomwa hajui tena kipi kinamuunguza. Usikate kidonda wala kukinyonya. Mwiba wa taa uliozama kifuani au tumboni uache ulipo, usiuvute. Pumzi ikibana, uvimbe ukipanda, au kama ni samaki jiwe, mpeleke Mnazi Mmoja, Chake Chake au Abdulla Mzee, ilimradi iwe hospitali iliyo karibu. Ukiweza, mwambie daktari ni samaki gani. Hata picha ya simu inatosha.